Herufi Zilizokataa Kunyooka

Zena mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako, kanga yangu mpya umejifunga bila kuniomba, na ulikuwa unatabasamu peke yako kama mtu aliyekwisha kufika Kharumwa. Mimi nimebaki barazani. Wadogo zako wako shule, jua bado kali, na nimeona nitumie nafasi hii kuandika, maana tukisema kwa mdomo hatufiki mbali. Wewe na mimi tukianza mazungumzo yoyote tunaishia kubishana iwapo rangi ya kijani imezidi kwenye bango.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kulala mapema. Hayo unayajua, na usiyoyafuata hapa Ngokolo hutayafuata huko. Nataka kukuandikia juu ya jana, Masanja alipokuwa hapa, na juu ya kitu ulichokifanya ambacho pengine hukukiona mwenyewe.

Masanja alikaa kwenye kigoda, akanywa chai yetu isiyo na sukari bila kukunja uso, na kwa hilo nilimpenda. Akajieleza vizuri. Amepata dhahabu, ana mashimo yake mwenyewe, yale ambayo wenyewe wanayaita maduara, na sasa amejenga ukumbi wa dansi huko Kharumwa. Bendi zitatoka Mwanza na Tabora. Anataka mchoraji wa kukaa kwake mwaka mzima, achore kuta na mabango. Akakuambia chumba kipo, rangi ipo, chakula kipo. Wewe ukaitikia kwa adabu, nikafurahi. Halafu akashusha sauti.

"Lakini binti, nataka yale yale ya mama yako. Pamoja na ile kitu ndani yake."

Nikamuuliza, "Kitu gani?"

"Mayu, mama yangu, sisi sote ni watu wa hapa hapa," akasema, akanitazama kama tumeiba pamoja. Kisha akakugeukia. "Na ukimaliza ukumbi, utanichorea kidogo pale mdomoni mwa duara. Au siyo?"

Wewe ukacheka, ukainamisha kichwa. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Masanja akajipiga paja, akasema basi tumeelewana, kesho kutwa asubuhi lori linaondoka.

Hicho kicheko chako ndicho kilichonikalisha hapa na kalamu.

Umekua ukiyaona mabango yangu, ukadhani yamekuwepo siku zote kama msikiti wa sokoni. Hayakuwepo. Nilikuwa na umri kama wako, nimemaliza darasa la saba, sijaolewa, nikapata kazi ya kufua na kufagia kwa fundi mmoja Mzungu kule mgodi wa almasi. Walikuwa na kijana wao mwenye nywele mpaka mabegani, na ukuta wa chumba chake alikuwa ameujaza mabango ya muziki wa kwao. Siku ya kwanza nilisimama mle na ufagio mkononi mpaka mama mwenye nyumba akaja kuniuliza kama naumwa.

Lilikuwepo moja lenye uso wa mwanamke. Nywele zake zilipanda juu kama moshi wa tanuru la matofali, na ndani ya nywele kulijaa mikunjo, mikunjo, kama utumbo wa mbuzi. Rangi ya chungwa juu ya buluu. Pale rangi mbili zilipokutana palikuwa panatetemeka. Macho yanauma, lakini huyaondoi. Nilikifagia chumba kile wiki nzima, ndipo siku moja nimeinama chini ya meza, nikalitazama upande upande, nikaona ile mikunjo ni herufi. Zimevimba kama maandazi kwenye mafuta, zimebanana hata sindano haipiti, moja ina mguu mwembamba na kichwa kikubwa, nyingine imejinyoosha ikazunguka sikio la yule mwanamke. Nikadhani tatizo ni mimi na Kiingereza changu cha shule. Nikamuuliza yule kijana limeandikwa nini. Akasogea, akapinda shingo huku na huku.

"Ngoja," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "hata mimi nasahau."

Nikamwambia, sasa bango gani hili, mtu hawezi kulisoma? Akacheka, akasema kwao watu husimama mbele yake, na wakija kulisoma wamekwisha kulizoea, hawalisahau tena.

Walipohama walitupa vitu vingi. Mimi nililiomba lile bango. Mchwa walilila baadaye, lakini kwa wakati huo lilikuwa limekwisha kuingia humu kichwani.

Nilielewa maneno ya yule kijana kwa sababu ya mjomba wangu, siyo kwa sababu ya akili. Unajua mbina, zile ngoma za mashindano za akina bibi yako, zinavyochezwa baada ya mavuno. Vikundi viwili uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na hakuna refa. Anayeshinda ni yule ambaye watu wamemzunguka wengi jua linapozama. Mjomba alikuwa akicheza na chatu shingoni, na watu wakianza kumzoea anamng'ata mkia. Nilikuwa mtoto, nikamuuliza kama haogopi. Akaniambia hana muda wa kuogopa, kazi yake siyo kumfurahisha aliyekwisha kumtazama, kazi yake ni yule anayetazama kule kwa wenzao. Basi nilipoona lile bango la Kizungu nikasema huyu aliyechora ana chatu wake. Amekufanya usimame. Ukisimama wewe, mwingine atakuja kuona unatazama nini.

Baba yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Alikuwa anapiga chapa kwenye marobota kule kiwanda cha kuchambulia pamba, herufi za bati, nyeusi, zimenyooka kama askari. Aliponiona nimetandaza karatasi ya mfuko wa saruji sakafuni, nimechora ngoma kubwa, halafu naishindilia herufi ndani mpaka zinagusa ukingo, akasimama mlangoni.

"Hadija, hizo herufi zako zimekunywa nini?"

Nikamwambia zimekunywa maji ya Shinyanga. Akacheka, akaenda kunitafutia mkia wa ng'ombe nitengeneze brashi nyingine. Rangi nilinunua zile za unga za kutia mikeka, kwa kuwa rangi za madukani zilikuwa hazipatikani, na nikazichanganya na gundi. Unajua mwenyewe kazi ilivyo. Unaanza na umbo, siyo maneno. Nafasi kati ya herufi na herufi unaichora nayo, inakuwa nene kama herufi yenyewe, mpaka mtu asijue lipi neno lipi hewa. Na rangi mbili zinazogombana unaziweka jirani kwa nguvu sawa. Ukiionea huruma moja, ugomvi umekwisha na bango limelala.

Bango la kwanza nilimpelekea Mzee Ndaki, yule wa ukumbi wa karibu na stesheni. Alilitazama akiwa amekaa, akasimama akalitazama, akaligeuza juu chini.

"Mama Zena, watu hawatasoma hii."

"Wewe umesimama au umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi libandike."

Alilibandika kwa kunikomoa, ili nione aibu. Mpaka saa za adhuhuri kulikuwa na kundi pale mlangoni. Mmoja anasema hii ni nyoka, mwenzake anasema hapana, imeandikwa Jumamosi, angalia hapa, fuata kidole. Wanafundishana kusoma barabarani. Waendesha baiskeli wanashuka. Jumamosi yenyewe ukumbi ulifurika, watu wengine wakacheza nje chini ya dirisha, na Mzee Ndaki akaniagiza jingine.

Sasa huko mbele sikiliza vizuri, kwa sababu ndiko uliko wewe leo.

Watu wa kwetu wakiona umati, hawaulizi nani kachora. Wanauliza kaweka nini. Kwenye mbina zile kila kikundi kina mtaalamu wa dawa ya kuvuta watu, wanaiita samba, na yeyote mwenye watu wengi basi samba yake ndiyo kali. Kwa hiyo bango langu lilipovuta watu, wakasema limepakwa samba. Nilicheka. Wakaanza kubandua pembe za mabango usiku, kipande kidogo, wanakwenda kukitia kwenye maduka yao. Bi Mwamvua wa vitumbua, jirani yetu, alinijia waziwazi.

"Mama Zena, nipe na mimi kipande nikiweke chini ya kikaango."

"Kitaungua, Bi Mwamvua."

"Kikiungua ndiyo kinafanya kazi. Usinibanie, wewe mtoto. Mimi nilikupokea hapa umekuja bibi harusi."

Nikampa. Ilikuwa mzaha. Vijana waliokuwa wakienda Geita kuchimba walikuja kuomba nao, na hao hawakuwa na mzaha hata kidogo. Mmoja alikiweka kipande ndani ya soksi.

Kisha mwenye ukumbi mwingine, ambaye wateja walikuwa wamemkimbia, akaanza kusema mitaani kwamba yule mwanamke anachemsha vitu. Kwamba rangi siyo rangi. Kwamba mtazameni macho. Na kweli macho yangu yalikuwa mekundu, kwa vumbi la ile rangi ya unga na moshi wa kuni za vitumbua nilivyokuwa nakaanga alfajiri ili tupate kula. Wewe umezaliwa hapa, Zena. Unajua mwanamke akisemwa ana macho mekundu hapa kwetu, basi ameitwa mchawi, na unajua yanayoweza kumfikia. Baba yako alikuwa ameshafariki. Nilikuwa na wewe na mdogo wako, na wa mwisho yuko tumboni. Siku moja nikakuta mlango wetu umepakwa jivu, sijui nani, sijui kwa nini, na bibi yako akaja mbio kuniambia niache.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilisema moyoni, nitawaonyesha. Kama wanasema kuna dawa kwenye herufi zilizopinda, nitazinyoosha, waone kwamba mimi ni mwandishi wa mabango tu. Nikachukua rula ya marehemu. Nikachora herufi za marobota, nyeusi juu ya nyeupe, saa, siku, jina la bendi. Hata mtoto wa darasa la kwanza angesoma akiwa anakimbia. Na ndivyo walivyofanya, walisoma wakiwa wanakimbia. Watu walipita. Ukumbi ukawa na bendi na viti.

Unajua walisema nini? Hawakusema kumbe hakuna dawa. Walisema ameitoa. Walisema mnaona, alipoitoa watu hawakuja, basi ilikuwemo. Hata Mzee Ndaki, aliyekuwa akinitetea, alinijia akiwa amekunja kofia mikononi. "Mama Zena, mimi sina neno. Ila irudishe."

Nilikaa na jambo hilo msimu mzima wa mvua. Nilikuwa nimechukua kitu changu mwenyewe, nilichokipenda, nimekivunja mguu ili watu wanione sina hatia, na kile kilichovunjika ndicho wakakifanya ushahidi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nakaanga vitumbua na kulia kidogo, halafu nasema ni moshi. Ulikuwa unaniuliza mbona mabango yangu siku hizi yamekuwa maiti. Neno hilo ulilisema wewe, ukiwa hujafika hata darasa la tatu, na nilikuchapa kwa ajili yake. Ulikuwa umesema kweli.

Mvua zilipokatika nilifanya kinyume. Nilitoa karatasi, gundi, makopo yote, nikavitandaza hapa hapa barazani, mchana, watu wakitoka sokoni. Nikaanza kuchora bango kubwa kuliko yote niliyowahi kuchora. Tarumbeta lenye mdomo kama ua, na herufi zinamwagika kutoka mle zinajaza karatasi mpaka pembeni, nyekundu na kijani, zimevimba, zimelewa, haziombi radhi kwa mtu. Walikusanyika. Nikawaambia sogeeni. Nikamwita Bi Mwamvua.

"Tia kidole kwenye kopo."

"Mimi? Nitie kidole?"

"Si ulitaka dawa. Chagua kopo."

Akatia. Akanusa. Akalamba kidogo, na uso wake ukajikunja. "Gundi," akawaambia watu, kwa masikitiko, kama aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Watu wakacheka, na mmoja akauliza mbona sasa linatetemeka. Nikamwonyesha. Nikapaka nyekundu peke yake, nikasema tazama. Nikapaka kijani peke yake. Nikaziweka jirani. Nikamwambia sasa wewe. Akapaka, likatetemeka mikononi mwake, akarudi nyuma hatua. Siku ile nusu ya Ngokolo walichora bango lile. Ukilitazama kwa karibu lilikuwa baya. Likajaza ukumbi kuliko yote.

Sikudanganyi kwamba wote waliamini. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba dawa naitia nikiwa ndani. Wakinipita wanaitemea mate njia. Wateme. Tangu siku ile sijachora bango nyuma ya mlango, na sijanyoosha herufi kwa ajili ya kumridhisha mtu anayenisingizia.

Kwa hiyo jana ulipocheka nilijua unachokifikiria. Ulifikiri, kuna ubaya gani, mwache aamini, mimi nitachora tu. Nami nilifikiri hivyo nilipompa Bi Mwamvua kile kipande. Lakini kwa Masanja siyo kikaango. Utachora mdomoni mwa duara, na dhahabu ikitoka watasema ni wewe. Ikikatika je? Udongo ukiporomoka juu ya watu je? Wale vijana hawatauliza mbao zilikuwa imara kiasi gani. Watauliza binti wa Hadija aliweka nini, na wewe utakuwa huko peke yako, huna baraza la kutandaza makopo, huna jirani aliyekupokea bibi harusi. Mtu aliyekubali sifa ya uongo hana pa kusimama akikataa lawama ya uongo. Hilo silisemi kukutisha. Nalisema kwa sababu sina njia ya kukimbia mpaka Kharumwa siku hiyo.

Wala sikukatazi kwenda. Bibi yako anataka nikukataze. Mimi nataka uende. Kuta mpya, mwanangu, upana wa ukumbi mzima, na rangi ya kopo ya kweli, siyo ya mikeka. Ningekuwa sina hawa wadogo ningegombania kazi hiyo na wewe. Nenda ukachore ukuta mpaka walevi wauombe upungue. Herufi zako zimekwisha kunipita, na hilo ninakuandikia tu kwa sababu usoni mwako nisingeweza kulisema. Yale majani uliyochora kwa ajili ya bendi ya mwezi uliopita, ambayo mtu anayatazama muda mrefu halafu jina la bendi linamtokea kama chui, mimi sikukufundisha. Siwezi.

Asubuhi ya leo, ulipokuwa unaoga, nilikwenda kwenye lori la Masanja pale karibu na mashine ya unga. Walikuwa wanapakia mabati. Nikamwamkia, nikamwambia mbele ya vijana wake, "Binti yangu ni mchoraji. Hana dawa, mimi sina dawa, na hakuna kitu ndani ya rangi ila rangi. Ukitaka mchoraji, kesho atapanda. Ukitaka mganga, waganga ni wengi, tafuta."

Vijana wakaacha kupakia. Masanja alicheka, lakini sikio lake lilikuwa limewaka kwa hasira.

"Mayu, wewe sema utakavyo. Binti yako jana hakukataa."

"Jana ulimuuliza kwa kunong'ona."

"Basi kesho nitamuuliza kwa sauti, mbele ya hawa hawa. Akisema kama wewe, kiti cha mbele cha lori atakikalia mtu mwingine."

Nikamwambia sawa. Sikukujibia, Zena. Niliyo nayo nimeyasema, na kinywa kilichobaki ni chako. Najua utanikasirikia ukisoma hapa. Utasema mama ameniharibia kazi. Kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Kesho atakuuliza. Utakuwa umevaa vizuri, umekwisha kupanda mbele, sanduku lako liko juu ya mabati, majirani wamesimama, na utatamani sana kucheka na kuinamisha kichwa kama jana. Usiiname. Mjibu kwa sauti ambayo hata dereva ataisikia. Mwambie unachora, na huchori kingine. Usimtukane, usimwombe, usimweleze habari zangu. Akinyamaza, na wewe nyamaza.

Na ukishamjibu, usishuke. Usimrahisishie kwa kuteremka mwenyewe na aibu ya mtu ambaye hakukosa. Kaa pale mbele na makopo yako mapajani, utazame barabara ya Geita. Akitaka ushuke, aje akushike mkono akushushe yeye, mchana kweupe, Ngokolo nzima ikimwangalia.

Mimi mama yako,
Hadija